E10, E15 au E85? Jinsi ya kujua petroli yenye ethanoli inavyolibadilisha gari lako ukiwa Marekani

Kila wiki napigiwa simu yenye swali moja. Mtu amefika kutoka Mwanza, Mombasa au kambi ya Nyarugusu, kapata leseni, kanunua Corolla ya mtumba, sasa amesimama mbele ya pampu yenye vitufe vinne. Kuna 87, kuna 88 ambayo ni rahisi kidogo, kuna 91, na pembeni kuna mpini wa njano umeandikwa E85, bei yake ya chini kabisa. Anauliza: "Kaka, niweke ipi?" Mwingine anapiga akiwa ameshaweka na gari linakohoa.

Nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Naishi Iowa, jimbo linaloongoza Marekani kwa kutengeneza ethanoli, na ethanoli yetu hutoka kwenye mahindi. Hapa kila kituo unakutana nayo. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye si fundi, anayetaka kujua vitu vitatu: ndani ya tangi kuna nini, gari linakula kiasi gani, na moshi unabadilikaje. Mengi utayapima mwenyewe kwa mikono yako.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Kitabu cha gari. Kama hukukipata kwa aliyekuuzia, kipo bure kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza.
- Daftari dogo na kalamu, vikae ndani ya gari. Simu inafaa, lakini daftari halizimiki chaji.
- Risiti za mafuta. Usizitupe.
- Silinda ya kupimia ya mililita 100, yenye mistari na kifuniko kinachobana. Ya plastiki inatosha, mradi iwe ya aina isiyoyeyushwa na petroli.
- Dumu jekundu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli. Chupa ya maji ya kunywa hairuhusiwi na ni hatari.
- Glavu za kuzuia mafuta, miwani ya kukinga macho, na tone la rangi ya chakula.
- Kifaa kidogo cha OBD cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma taarifa za kompyuta ya gari kwa simu. Magari yote madogo yaliyouzwa Marekani tangu 1996 yana tundu lake.

Nadharia kidogo, halafu tuingie kazini

Ethanoli ni pombe. Galoni moja ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko galoni ya petroli tupu. Kwa hiyo kadiri inavyozidi kwenye mchanganyiko, ndivyo maili kwa galoni zinavyopungua. Upande wa pili, ethanoli ina okteni kubwa, yaani inavumilia mgandamizo bila injini kugonga, na inabeba oksijeni yake yenyewe, ambayo inasaidia uunguaji. Tena inapenda maji. Hayo manne ndiyo yanayoleta kila kitu utakachokisoma hapa chini.

Namba za pampu nazo zinachanganya. Herufi E na namba yake ni asilimia ya ethanoli. 87, 88 na 91 ni okteni. Na okteni ya Marekani hupimwa kwa wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 ya huku inalingana na takribani 91 kwa kipimo ulichokizoea nyumbani. Usiogope ukaona namba ndogo ukadhani mafuta ni hafifu.

Hatua ya 1: Lijue gari lako kwanza

Angalia mwaka wa gari. Serikali ya Marekani, kupitia shirika lake la mazingira la EPA, imeruhusu E15 kwa magari madogo ya kuanzia mwaka wa 2001. E10 inafaa kwa karibu kila gari utakalolikuta barabarani, na ndiyo petroli ya kawaida nchini.

Kisha fungua kitabu cha gari sehemu ya mafuta. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. EPA inaweza kuwa imeruhusu E15 kwa gari la 2008, lakini aliyelitengeneza ameandika mwisho E10. GM walianza kuikubali E15 kwenye vitabu vyao kwa magari ya 2012, Ford ya 2013. Kama gari lako bado lina waranti, fuata kitabu. Kama ni la zamani na waranti imekwisha, uamuzi ni wako, ila ufanye ukijua.

Mwisho tafuta kama ni gari la fleksi, yaani lililotengenezwa kutumia mchanganyiko wowote mpaka E85. Dalili zake ni kifuniko cha tangi cha njano au pete ya njano shingoni mwa tangi, kibandiko ndani ya mlango wa tangi, au nembo ya nyuma yenye neno FlexFuel. Usitegemee nembo peke yake, maana mlango wa nyuma unaweza kuwa ulibadilishwa baada ya ajali. Tarakimu ya nane ya namba ya chasisi inataja aina ya injini, na kitabu kitakuambia kama hiyo injini ni ya fleksi.

Gari si la fleksi? Basi E85 si yako, hata ikiuzwa nusu bei.

Hatua ya 2: Soma pampu kabla ya kugusa mpini

E15 ina kibandiko cha rangi ya machungwa kinachosema ni kwa magari ya 2001 na kuendelea. Vituo vingi huiuza kwa jina la 88. E85 nayo ina kibandiko chake, na mara nyingi mpini wake ni wa njano, lakini rangi ya mpini haijawekwa na sheria moja ya nchi nzima. Kuna vituo dizeli ndiyo ya njano, kwingine ya kijani. Soma maandishi.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: jina E85 halimaanishi asilimia 85. Kiwango kinachoruhusiwa ni kati ya asilimia 51 na 83, kikibadilika kwa msimu na eneo. Majira ya baridi ethanoli hupunguzwa ili magari yawake asubuhi.

Hatua ya 3: Pima ethanoli kwa maji

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu unaona kwa macho yako. Maji na petroli havichanganyiki, lakini ethanoli ikiona maji inaiacha petroli na kuyafuata. Tunaitumia tabia hiyo.

Fanya nje, mbali na moto, sigara, jiko na watoto.

1. Kituoni, jaza gari kwanza, ndipo ujaze dumu. Pampu yenye mpira mmoja kwa mafuta kadhaa hubaki na karibu theluthi ya galoni ya mteja aliyetangulia. Ukianza na dumu utapima mafuta yake.
2. Weka dumu chini sakafuni unapolijaza. Usilijaze likiwa ndani ya buti au juu ya kapeti, kwani umeme tuli unaweza kuwasha moto.
3. Ukiwa nyumbani, vaa glavu na miwani. Weka maji kwenye silinda mpaka mstari wa mililita 10, kisha dondosha rangi ya chakula.
4. Ongeza petroli taratibu mpaka mstari wa 100. Sasa una maji 10 na petroli 90.
5. Funga, tikisa kwa nusu dakika, ukifungua kifuniko kidogo mara moja moja kutoa mvuke. Weka mahali tambarare kwa dakika kumi.
6. Soma mpaka wa rangi ulipofika. Toa 10, gawanya kwa 90, zidisha kwa 100.

Mpaka ukibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Ukipanda mpaka 19, una 9 kati ya 90, yaani asilimia 10. Ukifika kati ya 23 na 24, hiyo ni E15. Ukipita 55, umeshika E85. Kipimo si cha maabara. Kukosea kwa asilimia moja au mbili ni kawaida. Kinatosha kabisa kukutofautishia E10 na E15.

Mafuta uliyopimia yana maji, usiyarudishe kwenye tangi, wala usiyamwage kwenye sinki, kwenye mtaro au kwenye majani. Yapeleke kituo cha kaunti kinachopokea taka hatari za nyumbani. Katika kaunti nyingi huduma hiyo ni bure kwa wakazi.

Hatua ya 4: Jua gari linakula kiasi gani sasa hivi

Hapa subira inahitajika. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze hata tone. Andika maili zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida. Likikaribia robo, rudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ikate. Maili ulizotembea ugawanye kwa galoni ulizoongeza.

Mfano: umetembea maili 312, ukaongeza galoni 10.4. Hiyo ni maili 30 kwa galoni.

Rudia kwa matangi matatu, upate wastani. Tangi moja halithibitishi kitu. Upepo wa nyanda za huku, baridi, matairi yaliyopungua upepo, foleni au kuacha gari likiunguruma likipata joto, vyote vinaweza kukupotezea zaidi ya ethanoli yenyewe. Msipimie E10 mwezi wa saba na E15 mwezi wa kwanza, halafu mkanipigia simu kwamba E15 ni mbaya. Baridi ndiyo imekula mafuta yenu.

Hatua ya 5: Badilisha mafuta, rudia kipimo

Tumia tangi zima la mafuta mapya kabla ya kuanza kuhesabu, ili ya zamani yaishe. Kisha pima matangi matatu kama mwanzo.

Tarajia hivi. E10 ikilinganishwa na petroli tupu, unapoteza karibu asilimia 3. E15 ni asilimia 4 hadi 5. E85 kwenye gari la fleksi ni kati ya asilimia 15 na 27, kutegemea ethanoli ya msimu huo. Maana yake ukitoka E10 kwenda E15, pengo halifiki asilimia 2: gari la maili 30 linakuwa la 29.5. Mguu mzito kwenye pedali unakula zaidi ya hapo.

Na nguvu je? Kwa gari la kawaida lisilo na tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), hutahisi tofauti kati ya E10 na E15. Okteni 88 haiongezi nguvu kwenye injini iliyotosheka na 87. Anayefaidika ni mwenye injini ya tabo, siku ya joto, akipanda mlima na mzigo. Injini hiyo ikisikia inataka kugonga, hurudisha nyuma muda wa plagi na kupoteza nguvu. Okteni zaidi inaiachia nafasi. Ethanoli pia ikigeuka mvuke hupoza hewa inayoingia. Ndiyo maana wapenda mbio wanaitaka E85, lakini wao wamebadilisha nozeli na pampu ya mafuta na kuandika upya programu ya kompyuta ya gari. Usiige kwa Corolla ya kazi.

Hatua ya 6: Sikiliza kompyuta ya gari

Chomeka kifaa cha OBD, injini ikiwa imepata joto. Fungua ukurasa wa fueli trimu, ile ya muda mrefu. Hii ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kulingana na sensa ya oksijeni.

Petroli tupu inahitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo ya mafuta. E10 inahitaji 14.1, ethanoli tupu 9 tu. Kwa hiyo ukiongeza ethanoli, kompyuta lazima imwage mafuta zaidi. Kutoka E10 kwenda E15, tegemea trimu ipande kwa karibu pointi 2. Ikiwa ndani ya kumi kwenda juu au chini, usiwe na wasiwasi.

Ila ikiwa kwenye E10 tayari trimu yako ni +9 au +10, iko ukingoni na huenda gari lina tatizo jingine: labda hewa inaingia kwenye mpira uliopasuka, labda pampu imechoka. Litibu kwanza. E15 kwenye gari hilo inaweza kuwasha taa ya injini, na utailaumu ethanoli bure.

Kwa gari la fleksi, trimu haitaonyesha mengi kwa sababu kompyuta hujifunza mafuta mapya. Tafuta badala yake ukurasa wa asilimia ya ethanoli, kama gari lako linautoa.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya maili

Bei ya galoni haikwambii kitu mpaka uigawanye kwa maili. Tuseme E10 ni dola 3.00 na gari linakwenda maili 30: senti 10 kwa maili. E15 ni dola 2.85, maili 29.5: senti 9.7. Dereva wa teksi za mtandaoni anayetembea maili elfu moja kwa wiki anabakiza dola tatu na kitu. Si nyingi, ila ni zake.

Sasa E85 kwenye gari la fleksi, dola 2.40, maili 22.5: senti 10.7. Umedanganywa na ubao! Kwa gari linalopoteza robo ya maili zake, E85 inakulipa ikiwa bei yake ni chini ya asilimia 75 ya bei ya E10. Katika mfano huu, chini ya dola 2.25. Weka namba ya gari lako mwenyewe, si yangu.

Hatua ya 8: Moshi

Oksijeni iliyomo ndani ya ethanoli hupunguza monoksidi ya kaboni, ile hewa inayoua watu kwenye gereji zilizofungwa. Inapungua tu, haiishi, kwa hiyo usiliache gari likiwaka ndani ya gereji eti kwa sababu ni E85. Benzeni nayo hupungua, kwa kuwa nafasi yake imechukuliwa na ethanoli. Lakini asetaldehaidi huongezeka, na E10 na E15 huvukiza kidogo zaidi kuliko petroli tupu, jambo linalochangia moshi wa mjini siku za joto. Ndiyo sababu mauzo ya E15 wakati wa kiangazi yamekuwa na vuta nikuvute ya kisheria kwa miaka mingi. Oksidi za naitrojeni kwenye gari la kisasa lenye sensa nzima hazibadiliki sana.

Kuhusu hewa ya ukaa, ubishi haujaisha. Wapo watafiti wanaoona mahindi yanarudisha hewani kile yalichokichukua, wapo wanaohesabu mbolea, matrekta na ardhi iliyolimwa upya wakapata faida imemezwa. Mimi naamini kwamba gari lililotunzwa linafanya kazi kubwa kuliko chaguo kati ya E10 na E15. Katalisti, ile sehemu ya ekzosi mafundi wa nyumbani wanayoiita masega, ikifa, hakuna mafuta yatakayokuokoa.

Uchafu mwingi hutoka dakika ya kwanza, katalisti ikiwa bado baridi. Unganisha safari fupi ziwe moja. Na ukiishi eneo lenye ukaguzi wa moshi, kama California au Denver, usifute kodi za taa ya injini (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi) siku moja kabla ya kwenda. Kufuta kunafuta pia majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe, na mkaguzi atakurudisha.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuchanganya E85 na E10 kwenye gari lisilo la fleksi "ili kuokoa kidogo". Mpira na vyuma vya mfumo wake havikuchaguliwa kwa ajili hiyo.

Kuongeza galoni mbili mbili za E85 kwenye gari la fleksi na kulizima papo hapo. Kompyuta inahitaji kujifunza. Ukibadilisha mafuta, jaza angalau nusu tangi, kisha liendeshe kilomita kadhaa bila kusimama.

Kuweka E15 kwenye pikipiki, boti, mashine ya kukatia nyasi au ya theluji. Ni marufuku. Nyingi hazina sensa ya kurekebisha mafuta, zinaungua na joto. Kwa mashine hizi mimi hununua petroli isiyo na ethanoli hata kama ni ghali.

Likitokea tatizo

*Umeweka E85 kwa bahati mbaya, kidogo.* Tuseme tangi lina galoni 10 za E10, ukaongeza 2 za E85 yenye asilimia 75. Jumla ni ethanoli galoni 2.5 kati ya 12, karibu asilimia 21. Gari litatembea. Endesha kwa upole, na kila galoni chache zikitumika jazia E10.

*Umejaza tangi zima.* Usiliwashe. Mdogo wangu aliliwasha, akafika maili nne, likaanza kumisi na kuzima kwenye makutano ya barabara, theluji ikianguka, mtoto yuko nyuma. Piga simu ya kuvutwa, tangi likamuliwe. Gharama inauma, lakini ni ndogo kuliko katalisti mpya.

*Taa ya injini imewaka, kodi P0171 au P0174.* Hewa nyingi, mafuta machache. Pima mafuta kwa silinda. Yakiwa E10, tafuta mpira uliopasuka, filta iliyoziba au pampu dhaifu.

*Kodi P0457.* Kifuniko cha tangi hakijabana. Zungusha mpaka kilie, endesha siku chache.

*Gari la zamani limeanza kukosa nguvu wiki chache baada ya kubadili mafuta.* Ethanoli imekwangua uchafu wa miaka mingi na kuupeleka kwenye filta. Badilisha filta, na ukague mipira ya mafuta kama imelainika au inavuja.

*Linagoma kuwaka asubuhi ya baridi kali na lina E85.* Ethanoli haitoi mvuke kirahisi kwenye baridi. Ongeza E10 kwenye tangi, na wiki za baridi kali kaa na E10.

*Gari limelala miezi kadhaa, linawaka na kuzima.* Huenda mafuta yamenyonya maji. E10 hubeba maji mpaka karibu nusu asilimia ya ujazo wake. Yakizidi, ethanoli na maji hutengana na petroli na kukaa chini ya tangi, palepale pampu inaponyonya. Kuongeza mafuta mapya juu yake hakutengenezi kitu. Tangi likamuliwe lote. Na kama unasafiri kwenda nyumbani kwa muda mrefu, acha tangi limejaa, sio robo, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi.